Mulongo ya Biatu

Ngoyi, mutoto yangu,

Mi baba yako njo naandika, na mukono yangu mwenyewe. Usiseme Mama njo aliniandikia. Ukiona herufi zinapanda na kushuka sawa makamyo mu shimo, ujue ni zangu. Kusoma nilijifunza mu masomo ya mangaribi ya Kompani ya mugodi, nilikuwa tayari na ndevu, na mwalimu alisema hajaona bado muntu wa kichwa nguvu sawa yangu. Alisema vile kwa kunitukana. Mi nilisikia ni sifa, na mpaka leo naihesabu ni sifa.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria, ya nani wa kukaa naye na nani wa kukimbia, sitaandika. Mama yako anakuambia bile toka juma yote, na kesho atakuambia tena mpaka basi itaondoka. Mi niko na neno ya mulongo tu, ya bantu kusimama moja nyuma ya mwingine.

Najua haunisemeshi toka mutchana. Uko mu chumba, unafunga valize, na mi nasikia namna unaifunga. Unaifunga na hasira. Uko na haki. Lakini unanijua: mi siwezi kusema mbele ya muntu kama nilikosa. Mudomo inakataa. Mukono njo inakubali kidogo, njo maana nakamata karatasi.

Nianze na hii ya leo, juu ile njo ingali moto.

Ulikuwa na kiti yako mu basi ya kwenda Lubumbashi. Ulilipa weye mwenyewe, kiti ya nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Mi niliona haya. Mutoto ya Tata Mulongo, mwenye anaenda kusimamia milango ku parke ile mupya ya michezo, akae nyuma sawa mufuko ya makala? Nikaenda ku ajansi kuona Kasongo, ule tulitumika naye zamani.

Nikamwambia: "Kasongo, mutoto yangu anakaa mbele."

Akasema: "Muzee, mbele kulijaa."

"Mi nilikuwa napanga makamyo ya munene kuliko hii basi yako. Usinifundishe kujaa."

Akacheka. Nikamutia kitu mu mukono. Akafuta jina moja, akaandika ya kwako. Nikarudi hapa Kapata na kifua mbele, nikakuonyesha tiketi, na majirani bote balisikia, juu nilisema kwa nguvu ili basikie.

Weye haukucheka. Uliniuliza: "Tata, hii kiti ilikuwa ya nani?"

"Ya muntu mwenye kuchelewa."

"Muntu gani?"

"Ngoyi, kiti haina jina."

"Ilikuwa na jina. Kasongo njo aliifuta."

Ukapanda taxi-moto, ukaenda kuirudisha. Ukakuta ni ya mama moja wa Dilala mwenye mutoto ku mugongo. Ukakuta tena kama kiti yako ya nyuma, Kasongo amekwisha kuiuzisha kwa mwingine. Sasa hauna ya mbele, hauna ya nyuma. Alikuambia ukuye asubui na mapema, usimame mu mulongo ya benye hawana kiti. Watabeba benye watatosha, na benye watabakia watangoja. Na ku Lubumbashi balikuambia wazi: mwenye hatakuwa pale siku ya kuanza, kazi yake inapewa muntu mwingine.

Hiyi njo zawadi nilikupa ya safari. Mi, bingwa wa mulongo.

Mama yako hakunitukana. Alikuwa anageuza bukari ya unga ku moto, akasema bila kunitazama: "Muzee, ule mutoto siku ile ulikataa apite, na leo unamupitisha kwa nguvu. Mara mbili zote ulikosa."

Nikamwambia bukari iko na mabonge.

Akasema: "Kula mabonge."

Siku ile. Unajua ni siku gani. Sisi batatu tunaijua, na hatuisemaka mu nyumba. Leo naisema.

Lakini acha kwanza nijisifu, juu kama sijisifu hautajua ni baba yako anaandika. Mu shimo kubwa ya Kompani, mi njo nilikuwa nasimama pa njia panda na bendera, makamyo inapanda na inashuka, na hakuna hata moja yenye iligonga ingine mbele yangu. Bazungu ba zamani balikuwa bananiita kwa jina. Ile jina ya Tata Mulongo, haikutoka mu bar, ilitoka pale. Na sheria yangu ilikuwa moja: yenye kubeba inapita, yenye bure, bila muzigo, inangoja. Kamyo yenye imejaa mawe, ukiisimamisha mu mulima, haitapanda tena. Yenye iko bure inaweza kungoja, haitakufa. Hakuna dereva aliniuliza juu ya nini. Kila moja aliona na macho mawe ku mugongo ya mwenzake.

Na hapa Kapata, ku robine ya maji, unajua. Maji inakuya kwa saa moja tu, inaenda. Bamama banapanga mabidoni toka usiku, kila bidoni ni muntu. Lakini kama mwanamuke anafika mwenye amezaa juzi, ao mwenye kilio mu nyumba, hasukume bidoni ya mwenzake. Anasimama pembeni, anaomba mulongo. Anasema: "Bamama, naomba mulongo." Anaangalia bote, kutoka wa mbele mpaka wa nyuma, na bote banaitika: "Pita." Hata ule wa mwisho anaitika, na ule njo anapoteza mingi, juu labda maji itaisha pa bidoni yake. Kama wa mwisho hajaitika, hapiti. Nilikuwa nacheka ile desturi. Nilisema ni mambo ya banamuke, inachelewesha. Mi mwenye bendera, sikuona kama banamuke ba robine balinipita akili.

Sasa Zunguka.

Kazi ya Kompani ilikuwa imekwisha, bendera niliirudisha, nilikuwa nakaa mu lupango ya nyumba na kukaripia makuku. Halafu patro moja, tajiri, akaleta chuma yake ku Dilala, gurudumu munene kupita nyumba, na biti bya kukalia, na grupu, ile mashini ya mafuta ya kuizungusha, yenye ilipiga kelele mpaka huku. Batoto baliiita Zunguka. Patro alisikia kuna muzee anajua kupanga. Alinipatia filimbi na kofia. Haukuona baba mwenye furaha sawa mi ile siku. Nililala na kofia.

Mwanzo ilikuwa muzuri. Batoto ba Dilala, ba Kapata, ba mbali, bote na tiketi yabo ndogo, mulongo moja, muzuri sawa kamba. Halafu bakrezeri bakaanza kukuya siku ya Mungu, bale vijana benye kuchimba kobalti na mikono, na feza mu mufuko, na wapenzi wabo. Bale habakutaka kusimama nyuma ya batoto. Patro akaniita pembeni.

"Tata Mulongo, grupu inakunywa mafuta sawa mulevi. Tiketi ya batoto haitoshe. Bale bakrezeri banataka kulipa mara nyingi zaidi, na weye unabasimamisha?"

Ngoyi, ile neno haikuwa ya uongo. Nataka ujue, juu watakuambia vile vile kule unaenda, na hawatakuwa wanadanganya. Kama si bakrezeri, tiketi ya mutoto ingepanda, na batoto bengi bangebaki kuangalia toka inje. Nilikubali. Nilifungua mulango kidogo nyuma, pembeni ya grupu, na nikaweka sheria: moja wa pembeni, mbili wa mulongo. Niliona ni sheria ya haki, na hata leo siitupi yote. Kosa haikuwa pale. Kosa ilikuya siku kobalti ilikuwa na bei muzuri. Bakrezeri balikuwa bengi, na sheria yangu ikaanza kulala. Moja wa pembeni, moja wa mulongo. Halafu mbili wa pembeni. Batoto bakaanza kunung'unika. Jua ilikuwa kali. Bengine balisema kwa nguvu: "Tata, bale banatupita." Na kelele ya mulongo, mi naijua, inaanzaka ndogo.

Pale njo nilifikiri ile akili yenye nilijisifu nayo myaka. Nikapiga filimbi, nikasema: "Batoto, juu ya nini muungue na jua? Fanyeni sawa bamama ku robine. Muntu aweke biatu yake mu mulongo, aende akae ku kivuli ya ukuta. Mi nachunga biatu."

Bakafurahi. Bamama benye kupita balisema, huyu muzee iko na huruma. Patro alinipiga ku bega. Na pale chini nikaona mulongo ya biatu, kambambili, sandale, biatu bya masomo byenye kupasuka, yote inaangalia mbele, kimya. Na mi nilifungua mulango ya pembeni wazi.

Kiatu haina macho. Njo ile nilikuwa nimefikiri. Haikuwa huruma, Ngoyi. Niliondosha bantu mu mulongo ili basione mulongo.

Na weye ulikuwa pale. Mama alikuvalisha nguo ya manjano, na toka asubui nilikuwa nimesema mbele ya bote: "Huyu ni mutoto yangu, na atasimama sawa bote. Ku mulongo yangu hakuna mutoto ya mukubwa." Bantu balinipigia makofi. Ile makofi niliikunywa sawa munkoyo ya baridi. Nilikuwa nakataza mutoto yangu apite bulebule pa mbele, na nyuma nilikuwa napitisha benye kulipa. Na mu kichwa yangu nilikuwa muntu wa haki kupita bote ba Dilala.

Ulivua kambambili yako, ukaiweka mu mulongo sawa nilisema. Lakini haukuenda ku kivuli. Ulisimama pembeni yake, miguu wazi mu changarawe ya moto, unapandisha moja, unashusha moja.

Nikakuambia: "Ngoyi, enda ku kivuli na benzako."

"Nabaki, Tata."

"Juu ya nini? Kambambili iko pale, nafasi iko yako."

Ukasema: "Kambambili haijue kusema."

Halafu mukrezeri moja akapita pembeni na mupenzi wake, na weye, na ile sauti ndogo, ukasema: "Mwingine."

Akakuya wa pili. "Mwingine."

Haukupiga kelele. Haukutukana. Ulikuwa unasema tu, sawa muntu anahesabu makuku: "Mwingine. Mwingine." Ule mukrezeri aligeuka kukuangalia, akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Ku kivuli mutoto moja akasimama. Na mwingine. Bakaanza kurudia biatu byabo, kila moja anaingiza miguu mu yake, na mulongo ikaanza kuwa na vichwa tena.

Mi nilikuwa na kofia ku kichwa na patro ananiangalia. Nikakufikia, nikainama, nikasema na ile sauti ya shimo: "Nyamaza. Ukisema tena, nakuondosha mu mulongo."

Ukanyamaza.

Ile njo neno yangu, Ngoyi. Si kiti ya basi. Si hata mulango ya pembeni. Ni ile "nyamaza". Uliona sawasawa, ulisema sawasawa, na mi baba yako njo nilikufunga mudomo, juu ulikuwa unasema kitu yenye mi nilikuwa nimeficha. Na haukusema tena. Ulisimama na midomo imefungwa, bale banapita, weye unaangalia tu, mpaka ukafika mbele. Ulikuwa wa kufuata. Mukono yako ilikuwa juu ya chuma ya mulango. Na grupu ikakohoa, ikakohoa tena, ikakufa. Mafuta ilikuwa imekwisha, na mvula ilikuwa inashuka toka upande ya Musonoi.

Patro akasema: "Kesho." Lakini hakuna kesho ilikuya. Kobalti ikaanguka bei, bakrezeri bakatawanyika, na chuma ikapakiwa ku kamyo, ikaenda. Haukupanda Zunguka hata mara moja. Ulichukua kambambili yako mu mukono, tukarudi ku miguu mpaka Kapata mu mvula, mi na kofia yangu, weye mbele. Mama aliuliza: "Ilikuwa namna gani kule juu?" Ukasema: "Sijui."

Toka siku ile, ukikasirika haupige kelele. Batoto ba bantu bengine banalia, banapiga mulango, inaisha. Weye unanyamaza. Leo mutchana ulirudi toka ajansi, ukapita mbele yangu, ukanyamaza, na mi nikaijua ile kimya. Ni yangu. Mi njo niliiweka mule.

Juma yenye kupita, mbele ya majirani, nilisema: "Mutoto yangu anakamata kazi ya baba yake." Uliweka kijiko chini. Ulisema: "Tata, kule kuko mulango ya benye kulipa zaidi ili bapite mbele, na balisema nitaisimamia. Ulipanga mulongo myaka. Niambie: iko mubaya?" Na mi, juu majirani banasikia, nilisema: "Mulongo inataka mukono nguvu, njo yote." Ilikuwa jibu ya muntu mwenye kofia. Uliniuliza sawa unauliza baba, na sikukujibu.

Sasa nakujibu, hakuna jirani.

Sijui kama iko mubaya kabisa. Mafuta inataka kulipwa, na muntu wa feza akilipia mutoto mwenye hana feza bila kujua, mi sioni zambi. Lakini nilichelewa kujua kitu moja. Patro anaweza kuuzisha chuma yake, na kiti yake, na mafuta yake. Ile nafasi pa mbele ya muntu mu mulongo, haiko yake. Ni ya ule mwenye anasimama nyuma, na miguu yake. Patro aliuzisha kitu ya batoto, na mi nilimusaidia kuhesabu. Bamama ba robine banaijua hiyi bila masomo: nafasi inaombwa kwa mwenye nayo.

Namna gani utaomba mulongo mu parke munene, mi sijui. Labda mulango ya kulipa ikuwe pa mbele, pa macho ya bote, si nyuma ya grupu. Labda kila muntu aambiwe mbele ya kununua tiketi: leo ba pembeni watapita bengi hivi, utangoja hivi. Aseme mwenyewe kama anakubali ao anarudi nyumbani. Weye uko na masomo, utaona. Mi najua tu ile neno mukubwa wa pale atakuambia siku moja. Atakuambia: bapatie bantu kitu ya kuangalia, kivuli, muziki, basione. Atasema ni huruma. Itafanana na huruma kabisa, hata mi mwenyewe niliamini nusu.

Siku ile, mutoto yangu, usinyamaze. Mi naondosha ile neno. Nilikupa na mudomo, naiondosha na mukono, juu mudomo yangu ni ya muzee na haitageuka. Sema "mwingine". Sema na ile sauti yako ndogo, haiombe kelele.

Mama yako amelala. Nimevaa koti. Hii karatasi naiweka juu ya valize, utaiona ukiamuka. Mi naenda ku ajansi sasa, kusimama mu mulongo ya benye hawana kiti. Sitaenda kumuona Kasongo. Akiniita pembeni, sitaenda. Kama nitakuta bantu benye kulala pale toka jana, nitakuwa nyuma yabo. Kama ule mama wa Dilala ameletewa shida ingine na ile kiti, nitamwambia aombe mulongo, na mi nitaitika wa kwanza. Na kama Kasongo anafungua mulango yake kidogo ya nyuma, wakaanza kupita, bote watasikia muzee moja anasema: "Mwingine. Mwingine." Bacheke. Sauti yangu ni munene kupita yako, itafika mpaka ku barabara.

Sitaweka bidoni. Sitaweka kiatu. Biatu yangu itakuwa ku miguu, na miguu mu biatu.

Kuya pole pole, kunywa chai ya Mama. Usinitafute pa mbele, anzia nyuma, upite moja moja, utanikuta. Nafasi ni ya muntu moja. Ukifika, weye unaingia, mi natoka.

Baba yako.